Nguzo Niliyoihamisha Mkuza

Nguzo ile fupi ya zege, yenye kichwa cha njano, niliikuta mbele ya kiwanja changu nilipohamia Mkuza. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba chini yake umepita mkongo wa mtandao. Mimi niliiona kero tu. Kila nikirudi kutoka kazini Dar, nikikata kona kuingia getini, inanikwangua gari. Bikoni ya mpaka wa kiwanja nisingethubutu kuigusa, kwa jinsi tunavyopelekana baraza la ardhi kwa ajili ya bikoni. Ila hii, nikasema, ya nani bwana? Jumamosi moja nikaing'oa, nikaisogeza hatua kama saba, nikaimwagia zege na kuipaka rangi mpya. Najua, najua. Tena nilijiona mstaarabu kwa sababu sikuitupa.

Mwaka huu wakaja watu kuchimba mtaro wa bomba la maji. Msimamizi wao, kijana makini, aliwapa vibarua sharti moja: karibu na nguzo wachimbe taratibu kwa koleo, mbali nayo, ruksa sururu. Mbele ya geti langu alipangwa mzee mmoja wa Chole, kule Kisarawe. Nilimwona akivua shati na kuinua sururu, nami nimesimama pale na kikombe cha chai. Nilijiambia mkongo utakuwa chini sana, hataufikia. Uongo mtupu, niliona aibu tu kusema mbele za watu.

Aliukata. Mtaa mzima ukakosa mtandao. Msimamizi akamfokea kwamba juu ya mkongo huwa kuna utepe wa tahadhari, na mtu mwenye macho angeuona akasimama. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada, hii nguzo ilikuwa hapahapa siku zote?"

"Tangu nahamia."

Mzee akafukuzwa kazi mchana uleule.

Jumapili akaja kwangu. Nikamwamkia shikamoo huku nikitazama chini. Alikuja kuomba radhi kwa kutukatia mtandao. Akasema macho yake yamechoka kweli, utepe hakuuona. Shamba lake la Chole ng'ombe wamelimaliza, kibarua kile ndicho kilichokuwa kimebaki. Akaniomba nimsemee kwa msimamizi, kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisi, nitasikilizwa.

Nikapiga simu palepale, yeye akisikiliza. Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa. Nikasema mzee wa watu asamehewe, kuteleza si kuanguka. Msimamizi akanisifu kwamba nina moyo mzuri, lakini hawezi kumrudisha. Mtu asiyeona vizuri kesho atapiga waya wa umeme afe.

Nilimpa mzee jibu hilo. Hakulalamika. Akanishukuru kwa kumpigania, akainua mikono, akaniombea dua mimi na wanangu.

Nikaitikia amina.