Pea Moja kwa Miguu Isiyolingana

Saa kumi na dakika kumi jioni, mama alinivua soksi mbele ya watu wote dukani. Leo, nikimpimia binti yangu buti za kuteleza thelujini hapa Thorncliffe, harufu ile ya plastiki na sponji yenye unyevu imenirudisha pale.

Mguu wangu wa kulia ulizidi wa kushoto kwa saizi mbili. Mwenye duka alisema tukodi pea mbili. Mama alikuwa na pesa ya moja, na kesho yake darasa letu lilikuwa liende kuteleza.

“Mwambie huyu bwana, pea ni viatu viwili vya mtu mmoja. Wewe ni watu wangapi?”

Nilitafsiri huku nimeinamisha kichwa. Yule bwana akacheka, akauliza viwili vitakavyobaki atamkodisha nani.

“Amsubiri mwenzako wa miguu kinyume. Mungu hakuumba mmoja tu. Na inua kichwa unapomwambia!”

Nikainua. Mama akakaa kwenye benchi, akafungua mkoba, akanimegea chapati. Foleni ikafika mlangoni. Mwishowe yule bwana akaleta buti moja kubwa na moja ndogo, akanifungia miguuni mwenyewe.

Mama hakuomba kupunguziwa hata senti. Alikataa tu kulipia miguu minne, akaokoa dola thelathini na tano.