Mjomba Alipokuja Kuchagua Mtoto

Harufu ya maranda yakiungua ndiyo harufu ya kwetu. Si moshi wa kuni wala wa mkaa. Ni harufu kavu, tamu kidogo, ya mbao iliyotoka kwenye msumeno, na ilikuwa inaingia kwenye nywele, kwenye sare za shule, hadi kwenye vitabu vya sala. Tulikaa Mafiga, mjini Morogoro, vyumba viwili na uwani, na jiko letu lilikuwa kopo kubwa la rangi lililotobolewa tundu chini. Mama alisimamisha chupa katikati ya kopo, akashindilia maranda pembeni kwa ngumi mpaka yakawa magumu, kisha akaizungusha chupa na kuichomoa taratibu, likabaki shimo limenyooka. Ukiwasha kijiti kwa chini, moto unapanda kwenye lile shimo na kuyala maranda kidogo kidogo, tangu alfajiri hadi mchana. Sharti lilikuwa moja tu: jiko hilo haliguswi. Ukilitikisa au kulichokoa, maranda yanaporomoka na moto umekwisha. Sisi watoto watatu, mimi Kandida, mdogo wangu Apolinari na kitindamimba wetu Skola, tulilipita kwa heshima kama tunavyopita mbele ya altare.

Niseme mapema, kabla hujaanza kunionea huruma: sisimulii haya ili nionewe huruma. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, na kila masika yalipokolea miwa haikukatwa, kiwanda kilisimama, naye alirudi nyumbani na begi lake kungoja aitwe tena. Miezi hiyo ndiyo mama aliyopenda kuonyeshea ufundi wake. Yeye ni mzaliwa wa Mgeta, huko juu milimani, na akina mama walioshuka na malori ya mboga walikuwa watu wake. Alfajiri alikwenda kuwasaidia kuchambua nyanya na kuzipanga kwenye matenga ya kwenda Dar, nao walimpa karoti zilizovunjika, kabichi lililopasuka, njegere zilizomwagika. Wengine waliona aibu kubeba vitu hivyo mchana kweupe. Mama alivibeba kichwani, akasalimia kila mtu njiani, akasema karoti iliyovunjika ikishaingia chunguni nani atajua ilivunjika lini. Nazi moja ilikwenda siku mbili: tui zito leo kwenye maharage, tui jepesi kesho kwenye mchicha, na machicha yakaliwa na kuku. Mboga moja haikurudiwa siku mbili mfululizo, maana huo, kwa mama, ulikuwa uvivu. Na hakuna aliyekula peke yake. Mkeka ulitandikwa, maji ya kunawa yakapitishwa, na kama baba bado hajatoka msalani, basi wote tulisubiri huku matumbo yakiguna. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na pale kwetu muundaji tulimjua.

Masika moja, mvua ikinyesha mpaka milima ya Uluguru ikafichika yote, alikuja Mjomba Fidelis. Huyu ndiye kaka mkubwa wa mama, tajiri wetu, mwenye ghala la mahindi na karanga kule Gairo. Alishuka kwenye basi na mfuko wa karanga begani na viatu vinavyong'aa, tukamwamkia shikamoo, akatuitikia huku akitupima kwa macho mmoja mmoja. Jioni ile nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia akimwambia mama kwamba amesikia shemeji karudi bila kazi, watoto ni watatu, na yeye nyumba yake ni kubwa. Amekuja kuchukua mmoja amlee.

Hapa lazima mgeni wa mila zetu aelewe jambo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa kuliko baba. Baba mwenyewe alikuwa na usemi kwa watoto wa dada zake, si kwetu, kwa hiyo alibaki akikuna goti. Na mama? Kumkatalia kaka mkubwa jambo kama lile, lililokuja kwa wema, ni kuukatalia ukoo mzima. Wala mjomba hakuwa mbaya, jamani. Alitupenda. Ndiyo maana iliogopesha hivyo, kwa sababu mtu mbaya angalau unaweza kumfukuza. Mama akamjibu kwa upole kwamba neno lake limesikika, ila asichague mtoto kama anayechagua kuku mnadani. Akae nao hadi Jumapili, ale nao, awajue, ndipo achague.

Zile siku chache zilinikondesha. Nilikuwa msichana wa kwanza, najua kupika na kufua, nilijua kabisa ni mimi nitakayepakiwa. Apolinari alianza kuchechemea ghafla ili aonekane mbovu, na kwa kuwa alikuwa mjinga akawa anasahau ni mguu upi. Mama aliona yote hayo. Aliendelea na maisha yake vilevile, wala hakukopa nyama ya kumringia kaka yake. Alilitoa shati la mjomba lililochanika kwapani, akalishona mpaka usingeona pa kuanzia. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mjomba alipewa ungo wa njegere amenye pamoja na baba, na kwa mara ya kwanza nikawasikia mashemeji wale wawili wakicheka.

Jumapili ikafika. Mama alikuwa amelowesha mahindi yaliyokobolewa na maharage tangu jana yake, akayabandika mapema kabla ya misa: makande, yatakayoungwa kwa karanga alizoleta mjomba mwenyewe, zimekaangwa na kutwangwa. Yalikuwa yamechemka vizuri, bado kulainika tu. Sisi tuko ndani tunavaa, Apolinari kaptula yake iliyokatwa kwenye suruali ya baba, mjomba akatoka uwani, akaona kopo linafuka kamoshi kembamba, akadhani moto unakufa. Mtu wa Gairo, kazoea kuni. Akaokota kijiti, akachokoa kwa moyo wote. Tulisikia puu, na tulipotoka maranda yalikuwa yameporomoka, moshi umejaa uwani, na mjomba amesimama katikati na kijiti chake akikohoa. Maranda mengine yote yalikuwa yamelowa kwa mvua. Mimi nikajua leo ndiyo leo: mjomba ataona nyumba isiyoweza hata kuivisha makande, na ataondoka na mimi.

Mama alilitazama jiko, akamtazama kaka yake, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Kisha akamimina karanga chunguni, akakoroga, akafunika, akaliburuta kapu kubwa lililokuwa pembeni ya mlango. Ndani yake kulikuwa na majani makavu ya migomba na mablanketi yaliyochakaa. Akakizika chungu humo kikiwa bado kinatokota, akakifunika kwa mto, akalifunga kapu juu kwa khanga kuukuu kama anambeba mtoto mgongoni. Mjomba akauliza makande yanaiva na nini. Akajibiwa yanaiva na moto wake yenyewe, twende kanisani. Njia nzima mjomba alitikisa kichwa. Mimi kanisani sikumwomba Mungu roho yangu wala ya mtu, niliomba makande.

Tuliporudi mama akatandika mkeka kwanza, maji ya kunawa yakazunguka, ndipo akalifungua kapu. Mvuke ulipanda na harufu ya karanga ikajaa chumba. Punje zilikuwa laini, mchuzi umekuwa mzito, na pembeni kulikuwa na kachumbari ya kabichi na karoti. Mjomba alionja, akaongezwa, akaongezwa tena. Baba alisimulia vituko vya shambani, Skola akasinzia amemwegemea mjomba paja, kijiko bado mkononi. Ndipo mama akasema, bila kupandisha sauti:

"Kaka, leo ni Jumapili. Watoto hawa hapa. Chagua. Ila nakuomba umchague mwenye njaa."

Mjomba alituangalia. Alianza na mimi, nikajitahidi nisitazame chini, akaenda kwa Apolinari aliyekuwa anakomba sahani kwa kidole, akamaliza kwa Skola aliyelala. Mwishowe akaomba maji ya kunawa, na mama akayamimina mwenyewe. Kesho yake alipanda basi peke yake, na Apolinari akapona miguu papo hapo, yote miwili.

Hatukutegemea kumwona tena hadi mavuno. Lakini shule zilipofungwa alirudi, safari hii amemshika mkono binti yake Yustina, wa umri wangu, mwembamba, mwenye gauni la gharama. Mama yake Yustina alishafariki, na kule Gairo kila mtu alikula kwa saa yake, mjomba akila ghalani na mtoto akiachiwa sahani iliyofunikwa. Mjomba hakukaa hata kitako. Alisimama mlangoni akasema, "Yule uliyeniambia nimchague, dada, nimemleta." Mama alisogea, akampa Yustina nafasi mkekani katikati yangu na Skola, na hapo ndipo alipokulia.

Leo nina jiko la gesi lenye mafiga manne, jokofu limejaa, na meza ya watu sita ambayo siku nyingi huwa inakaliwa na mtu mmoja mmoja, kila mmoja na simu yake. Sisemi umaskini ni mzuri; anayesema hivyo hajawahi kungoja masika yaishe. Nasema tu kwamba mwanamke mmoja, kwa mboga zilizovunjika, aliweka nyumba ambayo mimi na mshahara wangu bado naifukuzia, na siku ninayowakusanya wanangu wote mezani huwa najisikia nimefaulu mtihani.

Mwaka jana tulimfanyia Yustina sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Mshereheshaji, katika kupamba maneno, akatangaza kwamba bibi harusi huyu alipitia mengi, alizaliwa kwenye neema akaenda kulelewa kwa shida Mafiga, tumpigie makofi. Watu wakapiga. Yustina akainuka na shela yake, akamnyang'anya kipaza sauti. "Umekosea," akamwambia. "Shida niliiacha Gairo." Pale mbele mjomba, mzee sasa, ndiye aliyeanza kupiga makofi, amemgeukia mama.