Amri Kutoka Shamba la Mwisho

Baba mkwe wangu amefungua maji ya mashamba tangu mume wangu hajaota meno. Nilipoolewa nilidhani ni kazi isiyo na la kujifunza: unazungusha usukani wa chuma, maji ya mto yanaingia mferejini, unauzungusha kinyume, yanakoma. Lakini kadiri nilivyompelekea chai pale kwenye geti, ndivyo nilivyozidi kumtazama, kama unavyotazama saa ya ukutani iliyofunguliwa mgongo.

Alikuwa na kibanda cha bati, benchi na simu ya waya iliyowekwa na serikali. Mfereji wote ulikuwa wa serikali, pamoja na geti. Simu ikilia, alifunga kwanza kifungo cha shati, ndipo akapokea. Alisikiliza, akasema, "Ndiyo, mkuu," akatoka kwenda kuzungusha. Simu isipolia, hata waje watu na machozi, aliwajibu neno moja tu: subirini. Ndiyo maana wakamwita Subiri. Hata watoto wa shule walimwamkia, shikamoo babu Subiri, naye aliitikia marahaba bila kununa.

Siku moja, huku mtoto ananyonya, nilimuuliza kama amewahi kufungua bila kuambiwa. Alinitazama kama nimemuuliza kama amewahi kuiba kuku.

"Mali ya serikali, binti yangu," alisema, "haiguswi kwa huruma."

Kisha serikali ikatoa mali yake. Alikuja ofisa wa umwagiliaji, akasimama juu ya ukingo wa mfereji, akasema kuanzia leo geti, mfereji, kibanda, hata magugu yaliyomo, ni vyetu sisi wakulima kupitia umoja wetu. Watu walipiga makofi mpaka mwanangu akashtuka mgongoni. Mimi nilikuwa namtazama baba. Hakupiga makofi. Alikuwa anamwangalia fundi aliyekwisha kung'oa simu na kuviringisha waya wake mkononi, taratibu, kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo.

Baada ya hapo likatokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka. Kila mtu alimsubiri mwenzake. Mwenyekiti wa umoja, mama muuza mbegu, alijua baba atafungua kwa kuwa ndiye mzoefu. Baba alisubiri aambiwe. Wakulima walisubiri ofisi, ambayo ilikwisha kufunga mlango. Tulipiga makofi kwamba mali ni yetu, kisha tukarudi nyumbani kumsubiri mwenye mali.

Shamba langu na mume wangu ndilo la mwisho kabisa mferejini. Tulichelewa kuoana, tukachelewa kupewa. Yeye ni mwashi, anajenga mbali, kwa hiyo jembe ni langu. Maji yakipungua, vumbi huanza kwangu. Na miche yangu ya mpunga ilikuwa imeanza kuwa njano kwenye ncha.

Tukaenda getini kundi zima, mimi nyuma na mtoto wangu.

"Mzee, fungua," walisema.

"Nani amesema?"

"Sisi."

"Sisi ndio nani? Huyo Sisi akinigombeza kesho nitamjua kwa sura?"

Wakamgeukia mwenyekiti. Mama wa watu akautazama mfereji, akataja ukingo mbovu pale darajani. Ukibomoka, alisema, lawama zote zitamwangukia yeye. Afadhali tusubiri kidogo. Hapo watu waliangua kicheko, na mtu mmoja akasema kumbe Subiri ana pacha. Mwenyekiti naye akacheka, ila kwa midomo tu.

Wenye mashamba ya juu hawakucheka. Walisema huyu mzee aondolewe, awekwe mtu mwenye akili, anayefungua akiona haja.  Nilimwona baba akishika pindo la shati lake na kuufuta usukani, ingawa haukuwa na vumbi.

Nyumbani alikula matonge mawili akasukuma sahani. Mama mkwe aliniita jikoni. Akaninong'oneza kwamba wakimnyang'anya lile geti, mzee hatamaliza mwaka akiwa mzima, na yeye mwenyewe hatamaliza mwezi. "Atakuja kusimamia chungu changu," alisema. "Nitakuwa nasubirishwa kutia chumvi." Tulicheka, lakini alikuwa anafuta macho, na si kwa sababu ya moshi.

Mkutano wa kumchagua mtunza geti ulifanyika katika darasa la shule, wazee wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mtu wa mashamba ya juu alisimama akamuuliza baba: ukiona mashamba yanakauka na mwenyekiti hayupo, utafungua? Jibu lililotakiwa alilijua kila mtu mle ndani. Hata mimi nilimjibia moyoni, sema ndiyo baba, sema tu.

"Sitafungua," alisema baba.

Darasa likavuma kama mzinga wa nyuki. Nikajua basi, yamekwisha. Ndipo akasimama fundi baiskeli, jirani yangu kule mwisho, mikono bado ina grisi. Alisema Subiri amemnyima maji miaka yote, hilo halina ubishi. Lakini mzee alimnyima pia ndugu yake mwenyewe wa tumbo moja aliyeko shamba la juu.

"Mkiweka mwenye akili," alisema, "hiyo akili itaanza na mashemeji zake. Mimi namtaka huyu huyu anayesubiri neno. Tuulizane tu, neno litoke kwa nani?"

Wengine walisema kwa mwenyekiti. Wengine wakasema mwenyekiti naye ana shamba juu, akishapata yake atasahau. Ikawa vuta nikuvute. Mwishowe fundi akasema litoke shamba la mwisho. Maji yakifika kule yameshapita kwa wote. Kule wakisema bado, basi ni bado. Wakisema yametosha, yametosha. Watu waliipima kauli hiyo. Halafu, kichwa kimoja kimoja, wakaanza kunigeukia mimi, nami nilikuwa nampangusa mtoto udenda.

Mkwe amwamuru baba mkwe! Wanawake wa nyuma walifunika midomo kwa kanga. Mama mkwe akasema wazi wazi kwamba nyumba yake sasa imepinduliwa. Nikaulizwa kama nakubali. Nilimtazama baba, yeye akatazama dirishani. Nikasema ndiyo, kwa sauti ambayo hata mtoto hakuisikia. Mikono ikanyooshwa, na baba akabaki na geti lake.

Kesho yake asubuhi nilimkuta getini amesimama wima. Nilimwamkia, akaitikia. Nikasema, "Baba, kule kwetu pamekauka."

"Poleni."

Nikasubiri. Naye akasubiri.

"Miche imekuwa njano, baba."

"Hiyo ni habari, binti yangu. Habari hata redio inatoa."

"Basi nakuomba, baba..."

"Maombi nimeyakataa maisha yangu yote. Leo nitaanzaje?"

Nikaangalia miguu yangu. Ulimi ulikuwa mzito kama nimeweka jiwe. Nikasema, chini chini, "Fungua maji, baba."

Akashika usukani pale pale. Kisha akasita. "Kiasi gani?"

Sikujua. Nilidhani yeye anajua, na nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa. Ofisini walimtajia mizunguko, yeye akazungusha. Maji yanakwenda mpaka wapi na yanafikaje, hajawahi kuona. Mtu wa zamu haondoki getini, na zamu zote zilikuwa zake.

 Miaka yote ile, na hajawahi kuona yanapofika!

Alizungusha kidogo. Maji yakaingia kwa sauti kama ya mbuzi anayetafuna majani makavu. Akachukua fimbo yake. "Twende tukaone."

Tukayafuata. Yalitangulia polepole yakisukuma makapi, povu na kandambili moja. Pale darajani ukingo ulianza kuvuja; baba akauonyesha kwa fimbo, akaita, wanaume wakaja na majembe wakaziba kwa udongo. Kila shamba aliuliza, hili la nani, na hili je, na watu walimjibu huku wanashangaa kumwona Subiri anatembea.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali tulipofika kwangu. Ulimi wa maji uliingia shambani, ukazama katika nyufa, ukatulia, ukasogea tena. Baba aliinama, mikono magotini, akatazama mpaka miche ya mstari wa kwanza ikaloa miguu.

"Kumbe huwa yanakuja yamechoka hivi," alisema. Akafikiri. "Kesho uniambie niongeze."

"Ongeza, baba," nikasema, na safari hii ulimi haukunizuia sana.

Akavua viatu. "Na yakitoka hapa, yanakwenda wapi?"

Nikamwonyesha matete ya kule chini. Nilitaka kumuuliza getini amemwacha nani, lakini alikuwa ameshaanza kwenda huko, suruali ameikunja mpaka magotini.