Siku Mzee Mahlon Alipotamka "Yuu"

Asenath Harmer alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ndimi mbili. Nyumbani, vilimani Ohio, kwa watu wa dhehebu la Marafiki, kila mtu aliitwa "dhii", yaani "wewe" ya Kiingereza cha mababu. Baba dhii, jirani dhii, hakimu naye dhii, maana mbele ya Mungu nani mkubwa? Mjini, kwenye kituo cha simu alikounganisha laini, ilibidi aseme "yuu", "wewe" ya siku hizi ambayo zamani ilikuwa ya wakubwa tu, kama watu wengine wote. Mwanzoni ulimi ulimteleza, wateja wakamcheka weee mpaka wakachoka. Bi Kessler, msimamizi, hakucheka.

"Dhii moja tena, Asenath, na virago unafunga. Na ukipiga soga na watu wako kwenye laini, hivyo hivyo."

Alhamisi moja, saa nane mchana, kwenye ubao wa simu mbele yake ikawaka taa ya laini ya kinu cha unga cha kijijini kwao. Asenath akachomeka waya. "Namba gani, tafadhali?"

"Asenath? Ni baba. Nipe daktari, upesi."

Mzee Mahlon, anayeichukia simu kama ndui, leo anapiga! Nani anaumwa? Mama? Lakini Bi Kessler alikuwa nyuma yake, kisikizi sikioni, anafuatilia laini ile ile. Asenath akajibu kama anayemjibu mgeni.

"Naam, bwana. Yuu subiri kidogo."

Mzee akasema taratibu, "Asante, bibie. Yuu umenisaidia."

Jamani! Neno ambalo hata hakimu hakuwahi kulisikia kinywani mwake! Kwao, mzazi akikuita hivyo, amekufanya mgeni. Asenath akamuunganisha na daktari, akaendelea kuchomeka waya hadi saa kumi na mbili, machozi yakimdondokea mapajani. Kutoka kabla ya zamu kwisha ni kufukuzwa, naye kazi aliipenda. Basi akabaki.

Alifika nyumbani mbio. Mama alikuwa kitandani, upande mmoja umelegea, ila daktari alisema ataishi. Baba alikuwa jikoni akikoroga uji wa mahindi.

"Baba, nisamehe. Usinifanye mgeni."

"Mgeni? Dhii ni mwanangu, acha upuuzi. Nilisikia mtu wa pili anahema kwenye laini, nikajua dhii umebanwa. Ningefanyaje, nikufukuzishe kazi?"

"Kwa hiyo ukasema lile neno kwa ajili yangu."

"Nimesema. Haya, kula."

Jumapili, katikati ya ibada yao ya kimya, Mahlon alisimama akishikilia benchi.

"Marafiki, nimemwita mtu kwa neno nisilolikubali. Nililisema kwa hofu. Naomba mnivumilie."

Mzee Josiah, wa benchi la mbele, akageuka kumtazama. "Hata dhii, Mahlon? Baada ya kulikwepa miaka yote sitini na minane?"

"Hata mimi."

Hakumtaja mtu. Upande wa wanawake, Asenath aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kusimama aseme kosa ni lake, akabaki amekaa. Woga tu, hakuna kingine.

Jumatatu Bi Kessler alisimama palepale pake, kisikizi sikioni. Taa ya kwanza ikawaka.

"Dhii unataka namba gani?" Asenath akauliza, kwa sauti ya kusikika chumba kizima.

Akamuunganisha mteja vizuri, kisha akainuka kuchukua koti lake.