Nusu ya Sinia

Mume wangu na nyama walikuwa chanda na pete. Miaka yote ya ndoa yetu hapa Muyinga tulikula kwenye sinia moja, mimi nikiwa kushoto kwake. Kulia kulikuwa na cherehani yake, naye, fundi wa kushona nguo, hakutaka mtu aiguse. Kila Ijumaa nilipopika wali na nyama, mkono wake ulivuka mpaka kwenye sehemu yangu bila haya. "Mzee, huku ni kwangu," nilimwambia, naye tayari anatafuna. Nilimwita mlafi mbele ya watoto. Wala haikuwa mzaha, nilikasirika kwelikweli.

Kisha kiharusi kikamkuta akikata kitambaa cha kanzu. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Wa kulia ulibaki mzima, nikamshukuru Mungu kwamba angalau atajilisha. Ulimi nao haukuguswa. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali alikuwa akisimulia, akilalamika, akibishana na redio kama zamani.

Ijumaa ya kwanza alikula upande wake, akasema chakula kimekwisha, akaomba maji ya kunawa. Nikatazama sinia. Sehemu yangu ilikuwa nzima, wali haujaguswa, vipande vyote vya nyama vipo. Mpaka kati ya kwake na kwangu ulikuwa umenyooka kama aliukata kwa mkasi wake.

Nilikula huku machozi yananilenga. Ijumaa ya pili, vilevile. Nikamwambia jirani yangu kwamba mzee amejifunza mapenzi uzeeni. "Mvumilivu hula mbivu, dada," akanijibu, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nikaanza kupaka wanja, mimi mwenye wajukuu, kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza hata kufunga vifungo. Hakusema neno juu ya wanja ule. Nikadhani anaona aibu.

Mambo mengine niliyaona nikayapita. Akitawadha aliusahau mguu wa kushoto mpaka niumwagie maji mwenyewe. Wakati mwingine aliita, "Mama watoto! We uko wapi?" nami nimekaa ubavuni pake, upande wa kushoto, goti langu linagusa lake. Nilidhani ananitania. Nilicheka peke yangu.

Mdogo wangu anayeishi Gitega ndiye aliyesisitiza tumpeleke kwa daktari wa huko akapigwe picha ya kichwa. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliiweka ile picha mbele ya dirisha, akanionyesha kwa ncha ya kalamu.

"Mama, hizi nusu mbili ya ubongo, ukiangalia mbio mbio ni kama mapacha. Lakini haiko sawa."

Akanionyesha jinsi nusu ya kulia inavyojitokeza kidogo mbele, na ya kushoto inavyojitokeza kidogo nyuma, kana kwamba mtu aliushika ubongo kwa mikono miwili akausokota kama nguo ya kukamua. Akasema watu wengi wenye afya wako hivyo, si ugonjwa. Katika nusu ya kushoto kuna sehemu ambayo kwa watu wengi ni ndefu kuliko ya mwenzake, na jirani na hapo ndipo maneno yanapokaa.

"Ile iko salama, njo maana anasema vizuri. Lakini hii ya kulia inachunga pande zote mbili. Ya kushoto inachunga kulia tu. Sasa mchungaji mkubwa njo iko mgonjwa."

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kuhusu nyama anayonibakishia.

"Hapana, mama, hakubakishii," akasema. "Ile nusu ya kushoto ya sinia, kwake yeye, haiko."

Aliniagiza niendelee kukaa kushoto na kumwita kutoka huko, ili azoee kugeuza kichwa. Njia nzima ya kurudi Muyinga nilikuwa nahesabu Ijumaa nilizojipamba.

Nilitii. Nilikaa kushoto, nikaita. Mara chache aligeuka nusu, macho yakaishia begani kwangu, yakarudi kwenye cherehani. Watoto wetu wako mbali, kila mmoja na maisha yake. Upweke wa wajane nilikuwa nimewasikia wakiusimulia. Huu wa kukaa goti kwa goti na mume anayekuulizia uko wapi, hakuna aliyewahi kunisimulia.

Ijumaa moja nilichoka. Daktari anisamehe. Niliweka sinia chini, nikaenda kuisukuma cherehani.

"Nani anagusa cherehani yangu?" akafoka.

Nikaisogeza mpaka mlangoni, nikaivuta sinia upande wake wa kulia, nikaketi hapo. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayempokea msafiri.

"We ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Hapahapa, mzee."

"Umepaka wanja," akasema.

Kisha akarudia kula. Alipomaliza kwake, mkono ukavuka, pole pole, ukaja moja kwa moja kwenye sehemu yangu, ukachukua pande la nyama. Likafuata la pili. Nikalitafuta lililo nono kuliko yote, nikalisogeza karibu na vidole vyake.