Rangi Nyeusi Chini ya Lori

Kuna siku moja ya soko la Migwani ambayo haijanitoka kichwani, na nitaanza nayo, mwanangu, ingawa wewe umeniuliza habari za magari. Nivumilie. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na sijui kusimulia kitu kwa njia fupi.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Mjomba wangu Mwangangi alinichukua tukanunue dume wa kulima. Siku hiyo nilikuwa nimevaa suruali ndefu, ya kwanza tangu nizaliwe, na nilitembea kama mtu aliyebeba mayai. Tukapata dume mweusi aliyesuguliwa mafuta mpaka anang'aa, na watu wamemzunguka wanamsifu mgongo. Mjomba hakutazama mgongo. Alipiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, mbele ya soko zima, akainua kwato moja baada ya nyingine. Ya mwisho akaichokoa kwa kijiti. Ukatoka udongo uliopakwa masizi, na nyuma ya udongo kulikuwa na ufa mrefu kama kidole changu.

Mimi nilikuwa nimesogea kando, najifanya simjui, kwa sababu wasichana wa kwaya walikuwa wanapita. Mjomba aliniona. Tulipofika njiani akaniambia, tena bila hasira:

"Mbithi, magoti nitayaosha nikifika nyumbani. Yule ng'ombe ningekaa naye miaka kumi."

Nilicheka. Nilimwona mzee wa zamani tu.

Basi miaka ikaenda. Nikawa dereva wa malori ya mchanga, nikaoa, nikaokoka, nikahamia Tawa. Miaka ya tisini ilipoingia, magari yaliyotumika Japani yakaanza kujaa Mombasa, na kila mtu mwenye jamaa mjini akawa mtaalamu wa magari. Kanisani kwetu tulikuwa na mwinjilisti anaitwa Kimeu. Huyo alikuwa akizunguka nyika yote ya Kitui ya chini kwa baiskeli, na mke wake, Mama Ndinda, akimfuata kwa kuomba lifti ili awafundishe akina mama. Walilala kwenye sakafu za madarasa. Mama Ndinda alikuwa na nyonga mbovu, na sakafu zile zilikuwa zinammaliza. Asubuhi alikuwa akiinuliwa na watu wawili, na bado anaimba.

Kanisa likaamua tununue lori dogo la Kijapani, lile la foo-wili linalovuta magurudumu yote manne, na nyuma yake tujenge kijumba. Kitanda, kabati, mahali pa jiko, dirisha lenye pazia. Tulikuwa tumeona Wazungu wakipita na nyumba za namna hiyo kwenye barabara ya Mombasa. Mimi ndiye niliyetumwa kuchagua, kwa kuwa ndiye niliyejua magari. Akina mama wa kanisa wakanishonea suti ya kijivu, nisije nikawaaibisha mbele ya wafanyabiashara wa pwani.

Mwanangu, suti ile ilinipenda. Nilijiangalia kwenye kioo cha kila duka.

Kwenye yadi ya magari kule Mombasa nilifanya yote ambayo dereva hufanya akitazamwa. Niliwasha injini, ikanguruma vizuri. Nikafungua boneti. Nikavuta ile gia ndogo ya foo-wili, ikaingia bila kukwaruza. Hata redio niliiwasha, haikushika stesheni yetu hata moja, ikapiga mluzi tu, tukacheka na muuzaji. Likabaki jambo moja, kulala chini nitazame chasisi, ule uti wa mgongo unaobeba gari lote. Lakini ardhi ya pale ilikuwa matope ya oili. Nikainama kadiri suti ilivyoniruhusu. Nikaona rangi nyeusi, mpya, inang'aa.

Nilimuuliza muuzaji kwa nini gari kuukuu lina rangi mpya chini. Akasema ni ya kuzuia chumvi ya bahari. Na mimi nilijua. Nimeendesha malori miaka ishirini, nilijua kwamba hakuna mtu anayepaka rangi mahali pasipoonekana ila kama kuna kitu anakificha. Ningelala pale dakika mbili na bisibisi mkononi, nikagonga na kukwaruza, ningejua yote. Nikatazama magoti yangu. Nikasema gari ni sawa.

Tulipofika Tawa akina mama walipiga vigelegele. Pasta akaweka mikono kwenye boneti, akamshukuru Mungu kwa kunipa macho ya kuchagua. Baada ya maombi kama hayo, ningefungua mdomo niseme nini? Kwetu kitu kikishaombewa, atakayesema ni kibovu ataonekana anabishana na Mungu. Nikajificha hapo.

Sasa nikwambie habari za Nzioka. Huyu alikuwa seremala, mtu wa Migwani, mjane asiye na shamba wala ndugu kwetu. Alikaa kwenye chumba nyuma ya kanisa na karakana yake ya mabati. Ndiye aliyepewa kazi ya kujenga kijumba. Kabla hajakata ubao hata mmoja alinijia.

"Mimi ni mtu wa mbao," akaniambia. "Chuma sikijui. Wewe ulilala chini ukakitazama?"

"Nililala."

"Basi najenga."

Alijenga kama mtu anayemjengea mama yake. Kila ubao aliupima uzito mkononi, akaupiga randa mpaka ukawa mwembamba, ili gari lisichoke. Kitanda alikipimia Mama Ndinda mwenyewe, naye akajilaza pale, akajinyoosha, akasema, "Fundi, hapa nitanenepa mpaka mlango usinitoe." Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka.

Safari ya tatu, mimi nikiwa kwenye usukani, tukiwa mbele ya Kathonzweni, tunavuka mto mkavu, gari likaruka kidogo tu kwenye mchanga. Nikasikia mlio kama mti mkavu ukivunjika. Kijumba kikapasuka katikati na Mama Ndinda akaangukia kabati. Mkono wake ukavunjika. Mumewe akampakata pale mchangani, mimi nikaingia chini ya gari. Siku hiyo nililala chini, mwanangu. Chasisi ilikuwa imekatika, na ndani ya ile rangi nyeusi chuma kilikuwa kahawia, kinapukutika mkononi kama majani makavu.

Mama Ndinda na mumewe walipochukuliwa kupelekwa hospitali, niliburura gari mpaka Wote kwa fundi wa kuchomelea, kabla mtu yeyote wa kanisa hajalifikia. Akaweka vipande vipya vya chuma. Kisha nikamwomba apake rangi. Nyeusi. Niliiomba mwenyewe kwa mdomo wangu.

Tawa walichoona ni mbao zilizopasuka tu. Ikasemwa kwamba kijumba kilikuwa kizito, kwamba yule mtu wa Migwani alijenga kama anajenga ghala. Wazee wa kanisa wakamwita, na kila mtu alijua kwamba akishindwa kujibu, hakuna wa Tawa atakayempa tena hata kiti cha kutengeneza.

Ngoja nikupe nasaha yangu hapa, kwa sababu pale mwisho sitakuwa na maneno. Umesema unaenda Mombasa kuchagua lori la kujenga nyumba nyuma yake. Vaa nguo kuukuu. Lala chini kabla hujawasha injini, gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, na rangi mpya ikwaruze bila kuomba ruhusa. Ukiona haya, ondoka usinunue. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama gari limeombewa. Mimi nilisema baada ya mwaka mzima. Wazee walinisamehe, Mama Ndinda akanisamehe akiwa ameushika ule mkono wake uliopinda. Nilimtafuta wa tatu, yule seremala, sikumpata. Mungu akupe safari salama, akupe mke wa kulala kwenye kitanda hicho akicheka, na akupe magoti yasiyoogopa uchafu. Nimekubariki.

Sasa mwisho. Nzioka alisimama mbele ya wazee, kofia mkononi. Hakujitetea, ingawa alikuwa ameshalala chini ya gari akaona mahali palipochomelewa. Alinigeukia mimi niliyekaa benchi la mbele na suti yangu ya kijivu.

"Mbithi, wewe ulikuwa pale. Chuma kilipokatika, ndani kilikuwa na rangi gani?"

"Sikuangalia vizuri," nikasema.

Alitazama magoti ya suruali yangu, jinsi yalivyokuwa safi. Kisha akawashukuru wazee, akavaa kofia, akatoka. Nilidhani anaenda kunywa maji. Kwenye karakana ubao mmoja ulikuwa umebanwa mezani, nusu umepigwa randa, na randa yenyewe iko juu yake. Ilikaa hapo mpaka ikashika kutu.