Kumpeleka Anitha kwa Marubani wa Jeshi

Nawaandikia majirani mliouliza tulikokwenda, maana wengine mlidhani nimemkimbiza mtoto matangani. Tulikwenda Dar es Salaam. Wanajeshi walikuwa wamefika shuleni kwa Anitha, binti yangu wa kidato cha tano, wakitafuta vijana wanaoweza hesabu na fizikia, ili waandaliwe mapema kuwa marubani wa ndege za jeshi. Mwalimu alitoa jina lake mama yake akiwa bado mzima. Simu ya kumwita kwenye usaili, yeye na mzazi, ilikuja tukiwa tumeshamzika mama. Tulikuwa tumenyoa nywele, kama tunavyonyoa sisi tukifiwa. Sikujua kama ni sawa kuondoka, lakini Anitha alishaanza kukunja nguo zake, nami nikakunja zangu.

Njiani alitazama nje ya dirisha tu. Basi liliposimama Korogwe nilimnunulia machungwa, nikapata sababu ya kumuuliza, "Mwanangu, ndege ikizima huko juu inakuwaje?"

"Haianguki kama jiwe, baba. Inateleza."

Akarudi dirishani. Sikuelewa inateleza juu ya nini.

Kituo cha mabasi cha Mbezi tulifika jua likizama, tukapanda basi la mwendokasi hadi Kariakoo. Mdogo wangu Felix alitupokea na kutupeleka anakoishi Mchafukoge, ghorofa ya juu kabisa. Anauza mabeseni na ndoo kwa bei ya jumla. Alinikumbatia kwa muda mrefu, kwa sababu mazishini hakuwahi kufika.

Asubuhi tulipitia kwanza dukani kwake. Kariakoo ilikuwa imeamka zamani. Mikokoteni ilikuwa inapiga kelele watu wapishe, na vipaza sauti vilikuwa vinarudia bei ile ile mpaka nikahisi vinanisema mimi. Jirani yake Felix ni Mama Zuhura, mtu mzima wa pale pale mjini, muuza vitenge.

"Shikamoo, mama," alisema Anitha.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako mdogo kaniambia unakwenda kurusha ndege. Lakini we mtoto! Jeshi lenyewe hujaingia, umeshanyoa kipara? Wakikukataa utaficha wapi hicho kichwa?"

Anitha akacheka. Alicheka kwa sauti, mpaka akashika rundo la vitenge asianguke. Tangu msiba sikuwa nimesikia kicheko chake. Nilitaka kumweleza yule mama mila yetu, nikamwacha mtoto acheke.

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu, tukavuka viwanja vya Mnazi Mmoja kuelekea kwenye ukumbi wa usaili. Felix alitusindikiza mpaka mlangoni.

"Kaka, humo ndani usianzishe habari za msiba," aliniambia. "Hawa wanataka watu ngangari."

Ndani, kapteni mmoja mwanamke alitueleza utaratibu. Vijana watasoma miaka mingi. Watapimwa macho na moyo, watafundishwa kuogelea, watafanya hesabu mpaka wazichoke. Wengi hawatafika kwenye kiti cha rubani, watabaki chini kutengeneza ndege.

Mzazi mmoja akauliza, "Afande, na vita ikija?"

"Atakwenda, mama. Hili ni jeshi."

Sikujua nifurahie sehemu ipi.

Zamu yetu ilipofika tulisimama mbele ya meza. Kapteni alimtazama Anitha, akatabasamu. "Huyu amekuja ameshanyoa kabisa! Huu ndio moyo tunaoutaka."

Nilisubiri mwanangu aseme. Akasema, "Asante, afande."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Afande, samahani. Hakunyoa kwa ajili ya jeshi. Amefiwa na mama yake mwezi huu. Ndiyo mila yetu."

Kapteni aliacha kutabasamu. "Ni kweli, Anitha?"

"Ndiyo, afande."

"Mbona hukusema?"

"Nilifikiri mtanirudisha."

"Nitakurudisha kweli. Msiba bado mbichi. Rubani anayeumwa, au asiyelala, akituambia yuko sawa, anaua na wenzake. Njoo usaili ujao, uanze upya kama wengine. Nafasi sikuahidi."

Tulirudi dukani. Felix aliposikia alijishika kiuno. "Kaka! Kukaa kimya tu kulikushinda?"

Mama Zuhura alisikia yote, akaja amejifunika uso kwa mtandio. "Nisamehe, mwanangu. Nimekutania nawe umefiwa."

"Usijali, mama," Anitha alimjibu. "Wewe ndiye uliyenichekesha. Wengine wote wakiniona wanalia."

Maneno hayo yalinichoma kuliko ya Felix, kwa sababu nami ni miongoni mwa wanaolia.

Siku ya kurudi, basi lilipokuwa limeuacha mji nyuma, Anitha alisema, "Ungenisubiri niseme mwenyewe."

"Ungesema?"

Alifikiri. "Sijui. Hata sijui kama nataka ndege, au nataka tu kuwa mbali na nyumbani."

"Hata mimi sijui," nilimwambia. Tukala ndizi za kuchoma tulizofungiwa na Felix.

Mkiniuliza nimejifunza nini, ni kidogo. Kama nilimharibia, au nilimwokoa, bado silioni vizuri. Ila nimejua kwamba mtoto aliyefiwa anahitaji pia mtu wa kumchekesha, na hilo mimi siliwezi, kwa hiyo njooni nyumbani.

Juzi alinipa kitabu chake cha fizikia. "Niulize, baba." Mimi niliishia darasa la saba. Namsomea swali, anajibu, kisha natazama majibu nyuma ya kitabu kama maneno yanafanana. Jana jioni jibu moja halikufanana.

"Umekosa," nilimwambia.

Alikasirika, akaninyang'anya kitabu, akasoma mwenyewe, akasoma tena. Kisha akanirudishia.

"Endelea," akasema.